Tuachieni Jumamosi yetu

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe. Na nyinyi wa mashirika ambao mko humu mnatusoma kimya kimya, someni mpaka mwisho kabla hamjakasirika, maana hata mimi mwenyewe nimo kwenye kosa ninalotaka kulisema.

Mnajua kila semina inavyoanza. Mnakaa kwenye viti vya plastiki, mwezeshaji anasema tujitambulishe: jina, kijiji, na kitu unachopenda kufanya wakati wa mapumziko. Wasichana wanasema kuimba kwaya. Vijana wanasema mpira. Wajanja, wale waliokwisha kukaa semina nyingi, wanasema "kusaidia jamii", mwezeshaji anatabasamu. Mwaka jana nilikuwa kwenye semina moja kama mjitoleaji, kazi yangu ni kugawa maji na kupitisha karatasi ya saini. Ikafika zamu ya muzee mmoja wa miaka hamsini na kitu. Akasimama, akavua kofia, akasema: "Mimi napenda kupiga gitaa."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, sitaficha. Mwezeshaji hakucheka, nampa heshima yake, lakini aliuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma kuliko kile kicheko chetu: "Vizuri sana mzee. Na hilo gitaa linakusaidiaje kwenye kipato?" Muzee akafikiri kidogo, akajibu: "Halinisaidie kitu. Ninapenda tu." Akakaa. Pale mbele kulikuwa na karatasi kubwa ukutani ambako majibu ya watu yalikuwa yanaandikwa kwa kalamu nene. Mpira uliandikwa, kwaya iliandikwa, kusaidia jamii iliandikwa kwa herufi kubwa. Gitaa la muzee halikuandikwa.

Ndiyo sababu ya maneno yangu ya leo. Mimi nasema mtu mzima, hata akiwa mkimbizi, hata akiwa anakula mgao, ana haki ya kupenda kitu bure. Bure kabisa. Bila kipato, bila kuelimisha jamii, bila cheti mwishoni, na bila mtu kumuuliza itamsaidia nini. Na hapa kambini haki hiyo tunanyang'anywa na watu wawili: ndugu zetu wenyewe wanaosema ni utoto, na mashirika yanayosema ni mradi.

Nianze na furaha yenyewe, kwa sababu wengine mnaweza kudhani natetea uvivu.

Mimi nilianza kujifunza gitaa nikiwa na miaka 24. Yule muzee niliyemcheka ndiye aliyenifundisha, maana baada ya semina ile niliona aibu nikamfuata nyumbani kwake kuomba msamaha, na kumbe yeye hakuwa hata na kinyongo. Alikuwa na gitaa la kopo. Kopo la mafuta ya mgao, lile la lita nne, mkono wa ubao aliouchonga mwenyewe kwa kisu, na nyuzi tatu za waya wa breki ya baiskeli. Ule waya unaufumua taratibu, unatoa uzi mmoja mmoja. Unakata vidole kama wembe, na ukinyeshewa unashika kutu, lakini unalia. Baadaye tukapata gitaa la mbao, la kweli, lenye tundu katikati na nyuzi sita, tuliloachiwa na jirani yetu Mrundi alipojiandikisha kurudi kwao. Limepasuka mgongoni, tumeliziba kwa gundi.

Kujifunza kitu ukiwa mtu mzima ni mateso, tuseme ukweli. Vidole vyangu vimefyatua tofali tangu nina miaka kumi na tano, ni vigumu kama mizizi. Akodi ya fa, ile ambayo kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita kama mlango, ilinichukua karibu miezi mitatu. Kila nikiikamata inatoka sauti ya kopo linalopigwa na jiwe. Wakati huo huo mtoto wa jirani, miaka kumi na tatu, alikuja akakaa pembeni siku nne tu, ya tano akaipiga fa safi, akanirudishia gitaa akaenda kucheza mpira. Niliumia mpaka nikataka kuacha. Mtoto hajui aibu ya kukosea. Mtu mzima akikosea anasikia kijiji kizima kinamsikia, na hapa kwetu, nyumba zilivyobanana, kweli kinamsikia. Jirani yangu mmoja alikuwa ananiuliza kila asubuhi kupitia ukuta: "Ile wimbo yako ya jana, bado iko mgonjwa?"

Halafu siku moja ilitoka. Ilikuwa jioni, kuna kuku wawili tu uani na mama yangu anapepeta mchele. Fa ikatoka yote, nyuzi sita, hakuna hata mmoja uliokufa. Nikarudia mara ishirini. Sijui nieleze vipi. Kwa miaka mingi mimi ni mtu anayesubiri: nasubiri mgao, nasubiri usaili, nasubiri jina langu kwenye karatasi ya ubaoni. Vyote hivyo vinaamuliwa na mtu mwingine. Ile fa haikuamuliwa na mtu yeyote. Niliipata mimi.

Muzee akanionyesha namna ya zamani ya kwetu, ya kupiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye besi, shahada inaongea juu. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, na akaimba kwa Kiswahili chetu hiki hiki ambacho wengine wanatucheka nacho. Wazungu mpaka leo wanajifunza vidole vile viwili. Muzee hakunifundisha hayo ili nipate kazi. Alinifundisha kwa sababu alikuwa na kitu kizuri na hana wa kumpa.

Tukawa watano. Kila Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe. Gitaa moja la mbao, moja la kopo, na dumu la njano kuwa ngoma. Mmoja solo, mmoja akompa, wengine wanasubiri zamu na kusema vibaya juu ya aliyeshika. Hakuna mwenyekiti. Ukitaka unakuja, hutaki unalala. Mwenzetu mmoja alikuja miezi minne hajagusa uzi hata mmoja, anasikiliza tu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa ndipo hadithi inapoharibika, na mimi nimo.

Afisa mmoja wa shirika alipita, akasikia, akasimama. Alikuwa kijana mzuri, sitamsema vibaya kama mtu, alikaa chini kwenye mizizi na sisi akaimba. Akaturekodi kwa simu. Wiki mbili baadaye akarudi na fomu. Jina la kikundi? Hatuna. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina? Mweka hazina wa nini, wakati hatuna hata senti. Katiba? Ndugu zangu, watu watano na gitaa lililopasuka tulikaa siku mbili tunaandika katiba. Kwenye "lengo la kikundi" muzee alitaka tuandike "kupiga gitaa". Tukaambiwa hapana, andikeni "kuelimisha jamii kupitia muziki". Tukaandika. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mjitoleaji na nina mwandiko mzuri, niliyeandika ni mimi.

Tukapewa magitaa mawili mapya, fulana, na soda siku za mazoezi. Hapo si uongo, tulifurahi kama watoto wa Krismasi. Lakini mradi ulitaka washiriki ishirini na watano, sisi tulikuwa watano, kwa hiyo ishirini wakatafutwa. Walikuja kwa ajili ya soda, na siwalaumu, nani hapa anakataa soda? Tukaambiwa tutunge wimbo wa kunawa mikono, kisha wa ndoa za utotoni, kisha mwingine wa kutunza miti. Sipingi ujumbe huo. Kipindupindu si mchezo, na dada zetu wanaolewa wadogo kweli. Lakini tangu siku ile hakuna Jumamosi hata moja tuliyopiga rumba. Sebene ikafutwa kwenye ratiba kwa sababu haina ujumbe. Nakumbuka maneno yenyewe: haina ujumbe.

Halafu ikaja habari ya umri. Mradi ulikuwa wa vijana wa miaka 15 hadi 24, kama Umoja wa Mataifa unavyohesabu vijana. Muzee ana zaidi ya mara mbili ya hiyo. Jina lake halikuweza kuingia kwenye orodha, na asiye kwenye orodha hapewi soda wala fulana. Wakasema anaweza kuwa "mshauri". Nikatumwa mimi kumwambia. Nilimkuta analinganisha nyuzi za lile kopo lake, nikamweleza vizuri kwa heshima zote, papa, unaelewa, ni masharti ya mfadhili. Akaniambia: "Hakuna shida, mwanangu." Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja.

Miezi sita ikaisha, mradi ukaisha. Magitaa mapya yakarudi stoo, yana karatasi ya namba ya mali imebandikwa. Wale ishirini wakapotea. Kwenye picha ya ripoti tuko ishirini na watano, fulana nyeupe, tunacheka. Mimi nimo pale kushoto.

Na kitu kibaya zaidi hakikuandikwa kwenye ripoti. Sisi wachache tuliobaki tulirudi chini ya mwembe na gitaa letu la zamani, na mtu wa kwanza aliyefika akauliza, "Leo kuna soda?" Alikuwa anatania. Lakini wote tulinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshajiuliza moyoni. Kabla ya mradi hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kupiga gitaa kunastahili kulipwa soda. Sasa gitaa bila soda likaonekana kama kazi ya bure.

Najua mtakavyonijibu. La kwanza mtasema: wewe kijana, mgao umepungua, watu wanalala na njaa, unatuletea gitaa? Hili swali nalisikia zaidi kutoka kwa ndugu zetu kuliko kwa mashirika. "Weye mutu muzima, bado unachezea vitu vya batoto?" Najibu hivi. Nikiacha gitaa, mgao utaongezeka? Saa ile ya Jumamosi nikiitoa nikaitupa, itageuka kilo ya unga? Kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua kunahitaji kibali, na asiye nacho anajua kinachompata. Kwa hiyo ile saa ipo tu, mimi nimekaa nayo mkononi, na tofauti ni kama nitaikaa nikihesabu madeni au nikitafuta fa. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule ni mtu mzima sasa, ana watoto wake. Huwezi kumwambia mtu huyo asubiri kwanza maisha yatulie ndipo apende kitu.

La pili mtasema, hasa nyinyi wa mashirika: lakini hata sisi tunaamini michezo na sanaa, ni msaada wa kisaikolojia. Asanteni. Najua mna nia njema, na kuna watu hapa waliopona kwa njia hiyo, nimewaona. Ila angalieni mlichofanya: hata mkituruhusu kufurahi, mnaiandika furaha kama dawa. Mimi sikuwa naumwa. Afisa wenu akitoka kazini Ijumaa anaenda kucheza mpira wa wavu pale kambi yao, anafungua redio, na sijaona mtu anamfuata na karatasi kumuuliza kama msongo wa mawazo umepungua kwa asilimia ngapi. Anacheza kwa sababu anapenda. Basi na sisi ni hivyo hivyo.

Na karatasi zenu wenyewe zinasema hivyo. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake wa starehe. Cha 27 kinasema kila mtu ana haki ya kushiriki utamaduni wa jamii yake na kufurahia sanaa. Kila mtu. Hakuna pale neno "mwenye miaka 15 hadi 24". Watoto wana kifungu chao cha 31 kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto, na hapa wana maeneo yao rafiki, bembea na mipira, na ni sawa kabisa. Lakini ukifikisha 25 unafutika. Umoja wa Afrika wenyewe unahesabu vijana mpaka miaka 35, ila fomu haijui. Na muzee wa hamsini kitu, huyo fomu inamtambua siku ya mgao tu.

Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, ikaombwa na Kongo zote mbili pamoja. Tulishangilia hapa, mnakumbuka, watu walicheza mpaka sungusungu wakaja kutuliza. Dunia inapiga makofi kwa rumba kule Paris, halafu rumba ile ile ikikaa chini ya mwembe wetu na waya wa breki, inaambiwa haina ujumbe.

Kuna mtu ameniambia, "Lakini Franco mwenyewe alianza na gitaa la kopo, akawa tajiri. Huoni basi, ni ujasiriamali?" Ni kweli alianza na gitaa la kujitengenezea, na wanasimulia kwamba akiwa mtoto alipiga pale mama yake alipouza mandazi, wateja wakaja. Sawa. Ila Franco ni mmoja. Pale pale Léopoldville kulikuwa na watoto wangapi wenye makopo, wakakua wakawa maseremala na makarani, wakapiga jioni nyumbani mpaka wakafa, na hakuna aliyewajua? Mimi nazungumza juu ya hao. Kama kupiga gitaa kuna maana kwa atakayekuwa Franco tu, basi sisi wengine wote tuzivunje leo tupikie.

Sisemi hakuna anayetaka kuuza. Mwenye kutaka mradi apewe mradi, akate tiketi, apige harusini, Mungu ambariki. Ninachokataa ni kila kitu kigeuzwe hivyo bila kutuuliza. Waulizeni dada zetu. Mwanamke akishika sindano ya kufuma hapa, kabla hajamaliza kitambaa kimoja kuna mtu ameshamwuliza atauza bei gani. Dada mmoja aliniambia alifuma kitambaa cha meza kizuri sana akakificha ndani ya sanduku, chini ya nguo, ili asipate mtu wa kumshauri. Na huyo angalau alipata saa ya kufuma. Wengi, kati ya foleni ya maji na kuni na watoto, hata hiyo saa hawana. Msichana aliyekuja mara mbili pale kwetu kujifunza gitaa aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na waliomwita ni vijana wenzetu, wengine mko humu. Aliacha. Hilo si kosa la mfadhili, ni letu.

Kwa hiyo wa mashirika, naomba vitu vidogo. Yale magitaa yaliyo stoo yatoeni, yawekwe pale maktaba ya jamii, mtu aandike jina aazime kama anavyoazima kitabu, arudishe. Kile chumba chenu kinachofungwa saa tisa, kiachwe wazi mpaka jioni siku moja kwa wiki, bila mwezeshaji. Mkitukuta tunapiga, kaeni, imbeni, mnakaribishwa kweli, ila simu na fomu ziacheni kwenye gari. Na kwenye semina mtu akisema anapenda kitu, kiandikeni ukutani kama alivyosema.

Kwa ndugu zangu: mkimwona baba wa watoto wanne anafuga njiwa, au mama anachora maua kwenye ukuta wa udongo ambao mvua itaufuta mwezi ujao, msimuulize.

Mimi nilirudi kwa muzee wiki mbili zilizopita. Safari hii sikubeba karatasi. Nilimwambia ukweli wote, na kwamba jina lake kwenye orodha nililifuta mimi kwa mkono wangu. Alikaa kimya muda mrefu, akalichukua kopo, akaniuliza kama fa yangu bado iko. Nikampigia. Akasema besi yangu inakimbia.

Jumamosi hii saa kumi tuko chini ya mwembe, pale pale. Amesema atakuja, lakini hakuahidi. Uzi wa kwanza wa gitaa la mbao umekatika tena, na kopo limebaki na nyuzi mbili. Mwenye waya wa zamani wa breki ya baiskeli aje nao, hata kipande. Soda hakuna.